Damyanti Alivyongoja Maji Yapwe

Damyanti wa Lewisham wengi mnamjua kwa duka lake, lile la bamia na mchele karibu na soko. Juu ya gunia la vitunguu palikuwa na msumari, na kwenye msumari pametundikwa miwani ya kuzamia na mrija wake wa kupumulia. Watu wakiuliza, "Hivi vinauzwa?" yeye hujibu, "Haviuzwi. Hivi ndivyo vilivyoniachia nyumba yangu." Wasielewe kitu, wakachukua bamia zao wakenda zao.

Naeleza mie kwa kuwa nilikuwapo. Na kwa kuwa mwanawe, Pradip, siku hizi akihadithia husema mama yake aliogelea kama samaki. Uongo huo. Hakuogelea kama samaki. Aliogelea kama godoro. Lakini aliogelea, na mie Jokha binti Soud sina tabia ya kutia chumvi maneno ya watu. Anayebisha na aje Thamesmead, ghorofa ya tatu, lifti ikiwa nzima.

Damyanti kazaliwa Unguja mjini, Mkunazini, baba yake muuza kanga na marekani. Nyumba yao ya ghorofa, na kutoka dirisha la juu bahari waiona yote, lakini mtoto wa kike wa Kihindi zama zile haingii majini. Kaka zake wakienda kuruka gatini, yeye kashika nondo za dirisha. Mara moja tu kwa mwaka, mwezi mpevu wa Agosti, Wahindi wana sikukuu yao ya kuipa bahari nazi ili itulie na vyombo vya biashara vipite salama. Hapo ndipo nyumba nzima huteremka pwani. Na mwezi mpevu ndiyo bamvua, maji hukupwa yakaenda mbali huko, mwamba wote ukabaki wazi. Basi watoto wa kike walipandisha nguo mpaka magotini wakatembea kwenye vidimbwi kutazama kaa na visamaki. Baba akishatupa nazi yake, haya, nyumbani. Bahari yote aliyoijua Damyanti ni hiyo ya magotini. Kwa vidimbwi vile akajiita mtoto wa pwani, na hakuna aliyempinga.

Mambo yalipogeuka Unguja wakakimbilia Mombasa. Mwaka wa sitini na nane, Wahindi wa Kenya walipokuwa wakijazana kwenye ndege kuiwahi Uingereza kabla mlango haujafungwa, naye alikuwamo, na mumewe Mansukh, na Pradip kamshika mkono. Ilikuwa Februari. Yeye kavaa sari ya hariri na viatu vya wazi.

Tulikutana kazini London, tukifua mashuka ya hospitali. Mashine ilinibana kidole nikaitukana tusi kubwa la kwetu Pemba, nikijua hakuna wa kunisikia. Nyuma ya rundo la mashuka ikatoka sauti:

"Weye! Mama yako ndiye aliyekufunza hilo?"

Natazama, Mhindi mfupi, tone jekundu kwenye paji la uso, kajishika mbavu anacheka.

"Na wewe umelijuaje?"

"Kaka zangu walilitukana kila siku. Tokea nitoke Unguja sijalisikia. Litukane tena, shoga."

Nikalitukana tena. Ushoga wetu ukaanzia hapo.

Wa tatu wetu alikuwa Eulalie, mwanamke mrefu mweusi wa kutoka kisiwa kidogo huko kwao karibu na Grenada. Alikuwa akitawala mashine ya kupigia pasi, na ndiye aliyetufunza namna ya kumjibu msimamizi bila kufukuzwa. Tulisema naye Kizungu chetu cha kuokoteza na yeye Kizungu chake cha kuimba, tukaelewana. Kila saa ya chai kisiwa chao. Kisiwa chao maji mpaka chini waona. Kisiwa chao samaki rangi ya kanga. Damyanti husikiliza kidevu mkononi, kisha husema, "Kama kwetu tu. Mie mtoto wa pwani." Na kila Agosti hupanda kivuko cha Woolwich na nazi yake mkobani, akifika katikati ya mto Thames anaitupa. Mara moja mfanyakazi wa kivuko alimkemea asitupe taka mtoni. Damyanti akamwambia, "Taka ni huo mto wenu. Hii ni zawadi."

Miaka ikapita. Mansukh akafariki, Mungu ampe anachostahiki, maana alikuwa mtu mpole. Damyanti akashika duka peke yake, na nyumba juu ya duka. Pradip akasoma, akawa mtu wa ofisi, akajenga maisha yake Croydon na mkewe Sudha. Mambo yote sawa, mpaka siku Damyanti alipoteleza kwenye ngazi za nyuma na ndoo ya dengu. Kilichovunjika ni ndoo. Lakini Pradip alipoona ule mguu umevimba, hakulala.

Jumapili iliyofuata akatualika chakula Croydon. Mie huitwa pia, kwa sababu huyo mtoto nimemlea nusu, na mpaka leo aniita Jokha Masi, yaani mama mdogo kwa Kigujarati chao. Kiswahili anakielewa chote. Kujibu, hujibu Kizungu.

"Mama, ngazi zile zitakuua," akasema. "Chumba chako tayari. Duka tutalipangisha. Tumeshaweka zulia."

"Rangi gani?"

"Kijivu."

"Na dirisha latazama wapi?"

"Garaji."

Damyanti akaweka kijiko chini. "Utoto wangu wote nimekaa dirishani natazama bahari wakiingia watu wengine. Leo uzeeni nitazame gari lako?"

"Umri, Mama. Hata bafuni unashika ukingo kwa mikono miwili."

"Mie? Mie mtoto wa pwani!"

"Mtoto wa pwani asiyejua kuogelea," akasema Pradip.

Sudha akasogeza achari ambayo hakuna aliyeiomba. Nilimwona Damyanti shingo inamvimba, nikajua hapa yatatoka maneno ambayo hayarudi ndani.

"Eulalie anakwenda kwao Agosti," akasema. "Nitakwenda naye. Nitakizunguka kisiwa chao chote kwa mashua ya tanga. Nitaingia baharini nizamishe uso na miwani, nitazame samaki. Nikiweza, nakaa kwangu mpaka siku nitakayotoka mwenyewe kwa miguu yangu, na wewe neno ngazi usilitaje tena. Nikishindwa, njoo na gari lako unihamishe kama kabati."

Pradip akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaona mamake hacheki.

"Bila kushikwa na mtu?"

"Bila kushikwa."

"Na Jokha Masi awe shahidi. Wewe, Mama, nakupenda, lakini wewe ni muuza duka, mizani yako naijua."

Wakapeana mikono juu ya wali.

Kwenye treni ya kurudi, stesheni ya pili, Damyanti akanishika mkono. Kisha akasema, "Shoga, nimesema nini pale?"

"Umesema utazunguka kisiwa."

"Na kichwa?"

"Na kichwa ndani ya maji."

"Hare Ram," akasema, akajifunika na ncha ya sari.

Tukaanza mazoezi. Kwenye bwawa la kuogelea la mtaa walisema sari haingii majini, na vazi wanalotaka wao Damyanti alilitazama mara moja tu, akaniambia leso yake ya mafua kubwa kuliko lile. Basi tukafanya bafuni kwake. Yeye ndani ya bafu na nguo zake zote, miwani usoni, mrija mdomoni, mie nimekaa ukingoni nampa amri. Akizamisha uso anatoka anapaliwa. Akizamisha tena, anatoka analia mrija una ladha ya mpira. Sakafu ikavuja mpaka dukani, mteja akalowa. Mwisho aliweza kukaa na uso majini, lakini ukingo wa bafu haukumtoka mkononi hata dakika.

Siku moja ndipo akatoka bafuni uso unang'aa.

"Jokha! Kwani nani kasema lazima niogelee? Tutakwenda mwezi mpevu. Sikukuu ya nazi, na bamvua. Maji yakishakupwa, natembea kwa miguu yangu mpaka mwambani, nainama kwenye kidimbwi, nazamisha uso. Natazama samaki. Nani kanishika? Hakuna. Pradip alitaja kina?"

Nikafikiri. Nikaona kweli, kina hakikutajwa. Nikamsifu akili, na mie si mtu wa kusifu ovyo. Nilivyokuwa mwangalifu, nikamuuliza na Eulalie, "Kwenu maji yanakupwa na kujaa?"

"Bahari ni bahari, mpenzi," akasema Eulalie. "Inakwenda, inarudi."

Tukaridhika. Tiketi tukakata kwa kufuata mwezi. Damyanti akanunua nazi yake soko la Lewisham, akaifunga ndani ya shali, akaiweka mkobani. Kule tuliposhuka, afisa wa forodha akafungua mkoba, akaitazama ile nazi, akatutazama sisi, kisha akatazama nje dirishani ambako minazi imejaa hata huoni kilima.

"Bibi, umeleta nazi huku?"

"Zenu sizijui," Damyanti akamwambia. "Hii tumezoeana."

Kisiwa chenyewe kweli kidogo. Ukipiga chafya upande huu, wa upande ule anakuombea afya. Nyumba za mbao za rangi, mbuzi barabarani, kila mtu binamu wa Eulalie. Kakake, Ferdinand, ndiye mwenye mashua, kaichonga mwenyewe, tanga moja kubwa na moja dogo mbele. Mtu wa maneno machache. Akasema mashua tayari, bibi akiwa tayari.

"Kwanza kichwa, kisha mashua," akasema Damyanti.

Asubuhi ya mwezi mpevu tukateremka pwani, mie na yeye. Kavaa suruali na kanzu fupi ya Kihindi, viatu vya plastiki asichomwe na miba, mwavuli, miwani shingoni, nazi mkononi. Tukachomeka kijiti penye ukingo wa maji ili tuone yanavyoondoka. Tukakaa mchangani tukangoja.

Jua likapanda. Tukala maandazi. Kijiti kipo palepale, maji yanakiramba.

"Yamechelewa," akasema Damyanti.

"Kwetu mwezi mpevu saa hizi watu wako mwambani wanachokoa pweza," nikasema. "Labda huku saa zao nyingine."

Akapita mzee mmoja na punda. "Hamjambo mabibi. Mnamngoja nani?"

"Tunangoja maji yatoke," nikamjibu.

Yule mzee akaitazama bahari. Akatutazama. "Yaende wapi?"

Akaenda zake, lakini nadhani alimwambia punda, punda akawaambia wengine, maana haikupita muda wakaanza kupita watu wasiokuwa na safari yoyote. "Bado hayajatoka?" "Mmeyaambia mnataka yatoke?" Mama mmoja akatuletea viti, akasema itakuwa kazi ya mpaka Krismasi. Adhuhuri Eulalie akaja mbio, kashika kofia, machozi ya kicheko mpaka shingoni.

"Jokha! Damyanti! Hapa bahari haiondoki! Inashuka hivi tu!" Akaonyesha kwa mkono, kimo cha paka.

"Wewe ulisema inakwenda inarudi!" nikamkaripia.

"Hivyo ndivyo inavyokwenda! Kwenu inakwenda mpaka wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole, mbali kule penye mashua zilizotia nanga. Eulalie akakaa chini kabisa mchangani. Hakuamini. Aliniambia nimeanza kuzeeka vibaya. Na sisi hatukuamini pia. Mtu ukizaliwa na bahari inayofungua mlango kila siku, utajuaje kwamba kuna bahari inayokaa ndani tu?

Mie nilitaka kucheka. Nikamgeukia Damyanti nikaona yeye hacheki. Kaiweka nazi mapajani anaipapasa.

"Pale chini yote kina, Jokha," akasema. "Hakuna mahali pa kukanyaga."

"Basi?"

"Basi nitajua gari la Pradip linavyotoka asubuhi na linavyorudi jioni. Zulia la kijivu si baya. Halionyeshi uchafu."

Nyinyi mnaomjua Damyanti kwa duka tu hamwezi kujua maneno yale yalivyonichoma. Huyu aliwahi kumfukuza mwizi kwa mwiko wa chapati! Niliinuka hasira zimenijaa.

"Mimi sikuvuka bahari mbili kuja kumwona Damyanti binti wa Mkunazini akikubali zulia. Inuka!"

Chini ya minazi zilikuwa zimeanguka nazi kavu, na makumbi yake, nyepesi kama kikapu. Huko Pemba hatukufunzwa kuogelea na mtu mwenye filimbi. Unachukua nazi mbili kavu, unachana kumbi kidogo kila moja, unazifunga pamoja kwa nyuzi zake zenyewe, unajilaza katikati, zinakukaa makwapani. Ndivyo alivyonifunza dada yangu. Nikafunga jozi moja hapohapo. Kumbi za huko zilikuwa mbichi kidogo kuliko za kwetu, nasema tu.

Ferdinand alikuwa kaleta jaketi lake la kujiokolea. Tukamvika kwanza hilo, tukamwingiza penye kimo cha kifua. Jaketi likamgeuza chali mara moja, miguu juu, kama kobe aliyepinduliwa.

"Naona mawingu tu!" akapiga kelele. "Pradip hakusema nitazame mawingu!"

Tukamvua, tukampa nazi. Akalala kifudifudi. Akazama kidogo, akaelea. Akapiga mateke, akarusha maji yakampata Eulalie na kofia yake. Wale watu waliokuja kututazama wakapiga makofi. Alasiri yote tulikuwa pale, na jioni alikula wali wa watu wawili.

Kesho yake tukapanda mashua. Mwanzo raha tupu. Upepo wa nyuma, tanga limejaa kama shavu la mpiga zumari, kisiwa kinapita pembeni na mbuzi wake. Damyanti kakaa mbele, nazi ya Lewisham mapajani, anapunga mkono kama malkia. "Jokha, hii ndiyo mashua! Si kile kivuko cha Woolwich kinachonuka mafuta!"

Tulipokata ncha ya kisiwa tukaingia upande wa joshini, penye upepo wenyewe. Mawimbi ya huko yanakuja kutoka Afrika bila kupumzika, nadhani yalikuwa yakitutafuta sisi. Mashua ikapanda, ikashuka, ikalala ubavu. Maji yakaingia. Eulalie akaimba nyimbo za kanisani. Damyanti akatapika kwa adabu, upande wa chini wa upepo, kisha akatapika bila adabu. Ferdinand akasema turudi, upande mwingine kuna mwamba mzuri, bibi atazame samaki wake, yatosha.

"Nilisema nitazunguka," akasema Damyanti, uso kijani kama bamia zake.

"Mwanao hatajua, bibi."

Damyanti akaninyooshea kidole bila kuinua kichwa. "Huyo atamwambia."

Ferdinand akanitazama. Nikamwambia kweli, nitamwambia. Akatema mate, akavuta kamba, tukaendelea. Nilijuta, lakini sikuonyesha.

Tulipotoka upande wa pili, ghafla maji yakatulia kama mafuta kwenye sufuria, na rangi yake siwezi kuwapa, mtaniona nazua. Ferdinand akatia nanga penye matumbawe. Damyanti akajifuta uso, akatoa nazi yake, akaitia alama nyekundu, akasema maneno yake kwa Kigujarati, akaitupa baharini.

Nazi ikaelea. Ikazunguka, ikarudi, ikagonga mashua. Ko!

Akaisukuma kwa kasia. Ikaenda, ikarudi. Ko!

"Haitaki," akasema Ferdinand.

"Imezoea Woolwich," nikasema. "Inangoja kivuko."

Damyanti akacheka, na kicheko kile ndicho kilichomtia majini. Alishuka ngazi ya kamba huku bado anacheka, kashika nazi zangu mbili kifuani, na akagundua yuko baharini wakati miguu imeshakosa chini. Hapo akatoa ukelele. Kisha akauma mrija, akafumba macho nadhani, akazamisha uso.

Tunaona mgongo wake tu, na kanzu imejaa hewa kama puto, na mkia wa nywele zake nyeupe unaelea, na mrija unakoroma. Kho, pfuu. Kho, pfuu. Akasogea kidogo kidogo juu ya mwamba. Mara mkono mmoja ukatoka ukaonyesha kitu chini, ukarudi. Mara ukatoka tena, unaonyesha, unaonyesha, kama mtoto mbele ya dirisha la halua.

Hapo nikaona nyuzi zangu za kumbi zinaachia. Si kosa langu, nishasema kumbi zilikuwa mbichi. Nazi ya kulia ikatoka kwapani ikaenda zake. Ya kushoto ikafuata. Zikaongozana na ile ya Lewisham, tatu hizo, kama watu wanaokwenda harusini. Na Damyanti? Damyanti kabaki palepale. Kaenea juu ya maji mikono miwili wazi. Hana nazi, hana kamba, hana mtu. Wala hana habari.

Eulalie akafungua mdomo apige kelele. Nikamfinya paja kwa nguvu zangu zote, na alama ile alinionyesha wiki nzima. Ferdinand kashavua shati, mguu mmoja nje ya mashua. Nikamwambia, "Kaa tayari, lakini kaa." Kho, pfuu, mrija. Kho, pfuu. Hiyo nyumba ya Lewisham yote, na ngazi zake na ndoo za dengu, ilikuwa pale inaelea juu ya maji.

Kisha akainua kichwa, akatoa mrija. "Jokha! Kuna pono wa kijani na waridi anatafuna jiwe! Namsikia anavyotafuna! Na wote hawa, wewe mnyama, wote hawa unawala?"

"Wote," nikasema, maana yeye kwa dini yao hali nyama wala samaki.

"Muuaji!" Ndipo akaona zile nazi kule mbali. Akatazama kwapa lake la kulia. Akatazama la kushoto. "Jokha, nazi zangu ziko wapi?"

"Zimetoka zamani, shoga."

Alizama hapohapo kama jiwe, kwa hofu tu. Ferdinand akaruka akamleta juu, anakohoa, anatukana tusi langu lile la kwenye mashine, sawasawa, kwa lafudhi ya Kipemba.

Tuliporudi London Pradip alikuwa uwanja wa ndege anatungoja. Hakumsalimu mamake vizuri, alinijia mie kwanza.

"Jokha Masi. Alizunguka?"

"Alizunguka. Alitapika, akazunguka."

"Aliingia baharini?"

"Aliingia."

"Alishikwa na mtu?"

"Hakushikwa. Alishika nazi mbili. Kisha nazi zikamwacha, akabaki peke yake, uso ndani ya maji, anatazama samaki. Hata hakujua. Alipojua akazama, akatolewa. Hiyo ndiyo kweli yote, na sasa nishikie mzigo huu."

Pradip akaniangalia. Alijua ningetaka kumdanganya nisingetaja kuzama. Akamgeukia mamake, na kwa mara ya kwanza tokea awe mkubwa, nikamsikia anasema Kiswahili, cha kuvunjikavunjika:

"Mama. Uliona nini?"

Basi ndipo waliposimama pale katikati ya watu na mikokoteni, Damyanti anamwonyesha kwa mikono pono anavyotafuna jiwe, na mie nimeachiwa mizigo yote.

Neno ngazi halikutajwa tena. Wiki ile ile Pradip alikuja Lewisham na nondo na skrubu, akapiga mhimili wa kushika mkono kwenye ngazi za nyuma, juu mpaka chini. Mamake akamkaangia bajia. Miwani na mrija vikatundikwa juu ya vitunguu. Na mie tangu siku hiyo sijala pono mbele yake. Samaki changu nakula, pono sili. Anajua kunusa.

Alikaa kwenye nyumba ile miaka mingi sana baada ya hapo. Kisha mwaka juzi, asubuhi moja, aliniita kwa simu, akaniambia leo nahama. Nilidhani kaugua. Nikapanda basi mbio. Nilipofika nikamkuta anateremka ngazi peke yake, mkono kwenye mhimili wa Pradip, pole pole, miwani ya kuzamia ikiwa shingoni. Pradip kasimama karibu na gari, mvi zimemjaa, hajathubutu kumsogelea.

"Nilisema nitatoka kwa miguu yangu," akamwambia. "Tazama miguu. Haya, fungua mlango."

Jana kanipigia simu kutoka Croydon. Zulia bado la kijivu, dirisha bado latazama garaji. "Lakini, shoga," akasema, "bafu la huku kubwa, tunaenea wawili. Njoo na nazi."

Nimemwambia naja, lakini kufunga nyuzi afunge yeye.